Dau la Mapenzi: Kuisoma «Perfect Chemistry» Mwambao

Kitabu hiki kiliingia nyumbani kwetu bila ya kupiga hodi. Mpwa wangu, binti wa skuli ya sekondari, alikiazima kwa rafiki yake, jalada limekunjika na kurasa zimelegea kwa kupita mikono mingi. Alikisoma siku tatu, usiku na mchana, na siku ya nne akaja kuniwekea mbele ya kahawa yangu. «Mjomba,» akasema, «kifasiri hiki, mama naye akisikie.» Mama yake, dada yangu, hakusoma Kiingereza. Nikakitazama jalada: kijana wa kiume na msichana wamekumbatiana. Nikamwambia kwamba mimi hufasiri mashairi, sifasiri vitabu vya vijana kukumbatiana. Yeye akaniacha na kitabu, akaenda zake.

Nakiri mbele ya wasomaji wa jarida hili kwamba jibu langu lilikuwa la kiburi. Mimi sikusomea fasihi katika chuo chochote. Nilijifunza kufasiri kwa kamusi moja iliyochanika na kwa kukosea mara nyingi, na mtu aliyeingia katika nyumba ya fasihi kwa mlango wa uani hana haki ya kumfungia mwenziwe mlango wa mbele. Basi nikakisoma. Haya ninayoyaandika ni matokeo ya kukisoma mara mbili, na ya kujaribu kukitia katika Kiswahili kwa ajili ya msikilizaji mmoja.

Riwaya yenyewe ni «Perfect Chemistry» ya Simone Elkeles, mwandishi wa Kimarekani, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2008. Mandhari yake ni mji wa kubuni, Fairfield, katika viunga vya Chicago. Upande mmoja wa mji wanaishi matajiri, upande wa pili wanaishi maskini, wengi wao wenye asili ya Meksiko, na watoto wa pande zote mbili hukutana katika skuli moja. Alex Fuentes ni mtoto wa wazazi wa Kimeksiko. Baba yake aliuawa yeye angali mdogo, na yeye mwenyewe amejiunga na genge la mtaani ili mama yake na wadogo zake wawili, Carlos na Luis, waishi salama. Brittany Ellis ni binti wa upande wa pili: mzuri, nadhifu, anasifiwa na kila mtu, na nyumbani kwao amefichwa dada yake, Shelley, mwenye ulemavu mzito, ambaye wazazi wanafikiria kumpeleka kulelewa mbali. Mwalimu wa kemia, Bibi Peterson, anawakalisha wanafunzi kwa mpangilio wa majina yao ya ukoo. E ikakaa karibu na F, na hadithi ikaanza hapo.

Kabla ya kuingia ndani, nataka kusimama mlangoni, kwenye jina. Kwa Kiingereza neno la kemia lina maana mbili: elimu ya dawa na vimiminika, na ule mvuto unaozuka baina ya watu wawili bila ya kuelezeka. Kiswahili hakina neno linalobeba mizigo hiyo miwili pamoja. Sisi tunasema nyota zao zimepatana, au damu zao zimekubaliana. Nikiandika «Kemia Kamilifu» msomaji atadhani nimemletea kitabu cha darasa la sayansi. Nikiandika «Nyota Zilizopatana» nimeipoteza skuli, na hadithi bila ya skuli haisimami. Kwa siku kadhaa niliona tatizo hilo ni la maneno tu. Baadaye niligundua kwamba ni tatizo la kitabu chenyewe: je, haya ni mapenzi yaliyoandikwa nyotani, au ni jaribio lililopangwa mezani?

Kwani mapenzi haya yanaanza kwa dau. Alex anawekeana na mwenziwe, Lucky, kwamba atampata Brittany kabla ya sikukuu ya Wamarekani ya mwezi wa Novemba. Akishindwa, anatoa pikipiki yake aipendayo, ambayo ameipa jina kabisa, Julio. Msichana anakuwa kitu cha kushindaniwa, kama jogoo au ngalawa. Hapa mwandishi anastahili sifa, kwa sababu hakulifanya dau hilo kuwa mzaha upitao. Analiacha limkere mwenye kuliweka. Kadiri Alex anavyomjua Brittany, ndivyo lile dau linavyomlemea, na siri inapofichuka hakuna maneno matamu yanayoweza kuifuta. Sisi watu wa mwambao tuna neno moja, dau, kwa chombo kinachovuka bahari na kwa kitu kinachowekwa mezani kamari inapochezwa. Alex alidhani amepanda la kwanza kumbe ameweka la pili.

Usimulizi ndio fani iliyo bora zaidi katika kitabu hiki. Sura moja anasema Brittany, ya pili anasema Alex, kila mmoja kwa nafsi ya kwanza, hadi karibu na mwisho. Kwa msomaji wa kwetu, aliyelelewa na mashairi ya kujibizana, mpangilio huu hauna ugeni. Tunajua raha ya kusubiri jibu. Tunajua pia kwamba katika malumbano mazuri kila upande huficha kitu, na msikilizaji ndiye pekee anayewaona wote wawili. Brittany anaficha aibu ya nyumbani kwao chini ya mavazi na tabasamu. Alex anaficha akili yake chini ya ukali, kwani kijana wa genge hatakiwi kuonekana anaipenda kemia. Wanapokutana, wanaokutana kwanza ni vifuniko. Sura ambazo Alex anamwona Shelley, akaketi kucheza naye na kumsemesha kama mtu mzima mwenye akili zake, ndizo sura ambapo vifuniko vinaanguka. Huko ndiko nilikoamini kwamba wawili hawa wanapendana. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Na waliambiwa zaidi, naam. Kuna matusi mengi na kuna faragha. Nilipoanza kumsomea dada yangu barazani, sura baada ya sura, nilijikuta mwanaume wa makamo mwenye miwani anayetafuta namna ya kumsomea nduguye wa tumbo moja mambo ya chumbani. Nikafanya walivyofanya wazee wetu washairi: nikashusha pazia na kutumia fumbo. Dada yangu akacheka, akasema, «Endelea tu, tumeshafahamu.» Fumbo lilifanya kazi yake.

Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa lugha ya Alex. Kiingereza chake kimenyunyiziwa Kihispania: anamwita msichana mamacita, anatukana kwa Kihispania, mama yake anamwita kwa Kihispania. Katika asili, lugha mbili hizi zinatazamana kama tajiri na mtumishi wake, na msomaji wa Kimarekani anahisi mara moja kwamba kijana huyu anaishi baina ya nyumba mbili. Kiingereza kikishageuka Kiswahili, uhusiano ule unatoweka. Nilijaribu kumpa Alex Kimakunduchi na kumwachia Brittany Kiswahili cha redio. Kwa kurasa nne nilijisifu. Katika ukurasa wa tano nikaona kwamba Chicago imetoweka. Alex amekuwa kijana wa kusini ya Unguja anayepanda pikipiki kwenda Mkunazini. Nikafuta. Nikakiacha Kihispania kama kilivyo, na dada yangu alizoea upesi kuliko nilivyotarajia. Wala si ajabu. Kihispania kilikaa karne nyingi karibu na Kiarabu, kama chetu. Sukari wao huiita azúcar, meza wao huiita mesa, na neno lao la kutamani kheri, ojalá, asili yake ni dua ya Kiarabu iliyo jamaa na inshallah yetu. Mgeni huyu tulikuwa tumechangia naye mjomba.

Lakini kuyaacha maneno yale wazi kulinifanya niyahesabu, na hapo ndipo nilipoanza kuona upungufu. Kihispania cha Alex hujitokeza aghalabu anapotania, anapotukana, anapotongoza, au mama anapomkaripia. Ni nadra kumsikia akikumbuka kwa lugha hiyo, akiomboleza, akiwaza. Ni kitoweo kilichotiwa juu ya sahani, hakikupikwa ndani ya chungu. Meksiko yenyewe, nchi ya wazazi wake, ni jina la mahali pa kutokea na pa kurudishwa. Msomaji hatajua kutoka kitabuni kwamba Wameksiko wamekuwa Chicago kwa miaka zaidi ya mia, kwamba waliletwa huko kwa wingi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na katika miaka ya 1920 kufanya kazi za reli, viwanda vya chuma na machinjio. Wala hatajua kwamba baada ya mkataba wa mwaka 1848 nchi yao ilipoteza eneo kubwa mno kwa Marekani, hata wako Wameksiko ambao hawakuvuka mpaka, mpaka ndio uliowavuka wao. Simtaki mwandishi wa mapenzi aandike historia. Nasema tu kwamba kijana anayebeba historia hiyo mgongoni angeguswa nayo walau mara moja anapolala.

Wameksiko wana utungo wao wa kusimulia, corrido, unaoimbwa kwa gitaa. Kwa desturi, beti zake ni za mistari minne, na kila mstari una mizani nane. Msomaji wa jarida hili ameshatabasamu: nane ndiyo mizani ya kipande cha shairi letu. Wengi wa mashujaa wa corrido ni watu wa mpakani. Gregorio Cortez, mkulima wa Texas aliyewindwa na askari mwaka 1901, aliimbwa hivyo, na mtaalamu Américo Paredes akaandika kitabu kizima juu ya wimbo wake mwaka 1958. Nilipoona kwamba Alex hana wimbo wa aina hiyo, nilimtungia ubeti mmoja, nikamsomea mpwa wangu kama kionjo cha tafsiri isiyofuata maneno:

Mpaka wameuchora, katikati ya nyumbani,
Upande huu fukara, upande ule wa shani,
Mapenzi hayana dira, huvuka bila idhini,
Ukiyafanya tijara, utalipa maishani.

Mpwa wangu alisikiliza kwa adabu. «Mzuri, Mjomba,» akasema. «Lakini Alex hasemi hivyo.» Alikuwa na haki.

Simone Elkeles si Mmeksiko, na wapo wanaoona kwamba kwa hilo pekee kitabu kimeshahukumiwa. Mimi siwezi kutoa hukumu hiyo kirahisi, na nitaeleza sababu. Miaka mingi iliyopita nilitunga shairi refu juu ya wavuvi waliozama, nikalisoma mbele za watu, nikapigiwa makofi. Mzee mmoja mvuvi alinisubiri nje. Akanishika mkono, akasema: «Maneno mazuri, mwanangu. Ila hujawahi kulowa.» Hakunikataza kutunga. Alinionesha mahali ambapo shairi langu lilikuwa kavu. Tangu siku hiyo, nikisoma kazi ya mtu aliyeandika machungu ya nyumba isiyo yake, simuulizi nani kamruhusu. Nayatazama maandishi kama yamelowa.

Kitabu hiki kimelowa nyumbani kwa Brittany. Mama anayeogopa macho ya jirani kuliko machozi ya wanawe, dada anayefichwa, binti anayelazimika kuwa mkamilifu ili kufidia: hayo mwandishi anayajua, na anayaandika kwa mkono usiotetemeka. Nyumbani kwa Alex kumekauka kidogo. Genge, bunduki, mama mkali mwenye huruma: vitu hivi tumeviona katika filamu, na vimekaa palepale vilipokuwa.

Nikampa mpwa wangu kitabu cha pili ili alinganishe: «I Am Not Your Perfect Mexican Daughter» cha Erika L. Sánchez, kilichotoka mwaka 2017 na kufika fainali ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani mwaka huohuo. Sánchez ni mshairi, binti wa wahamiaji wa Kimeksiko, aliyekulia Cicero, mji unaopakana na Chicago. Neno moja, «perfect», liko katika majina ya vitabu vyote viwili. Cha kwanza kinaliahidi, cha pili kinalikana. Julia, msimulizi, amefiwa na dada yake, Olga, aliyeonekana na wote kuwa mtoto mwema asiye na dosari. Mama yao husafisha nyumba za watu, baba anafanya kazi katika kiwanda cha peremende. Julia anataka kuwa mwandishi, na anapendana na Connor, kijana wa Kizungu kutoka Evanston, mji wa wenye uwezo kaskazini ya Chicago. Mapenzi hayo ni matamu na hayamwokoi. Hayawezi kumwondolea huzuni iliyomfikisha ukingoni mwa kifo, wala hayamfunulii siri ya yaliyompata mama yake wakati wa kuvuka mpaka. Siri hiyo anaambiwa Meksiko, na jamaa zake. Hapa Kihispania kimepikwa ndani ya chungu. Mama akinyamaza, ananyamaza kwa Kihispania.

Nilitarajia mpwa wangu aniambie kwamba cha pili ni bora. Alikirudisha baada ya wiki mbili. «Hiki kinauma,» akasema. «Kinasema kweli. Lakini kile nilikimaliza nikalala vizuri.» Nikamweleza kasoro ya tamati ya kile cha kwanza: Alex anatoka katika genge kwa kupigwa nusura ya kufa, anakwenda Meksiko na familia yake, kisha anarudi kumfuata Brittany huko anakosoma, na kana kwamba hilo halikutosha, mwandishi anaturusha miaka 23 mbele, tumwone mtoto wao wa kiume katika darasa la Bibi yuleyule wa kemia. Nikamwambia kwamba hiyo ni chai iliyotiwa sukari mara mbili. Akanijibu: «Mjomba, katika vitabu vyenu kila anayependa hufa au huachwa. Kuna ubaya gani mmoja akaishi?»

Swali hilo nimelibeba muda mrefu. Ni kweli kwamba riwaya zetu kubwa ni wachache wa kutoa. «Vuta N'kuvute» ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, imewapa wengi wetu Yasmin na Denge, mapenzi yaliyovuka mpaka wa kabila na tabaka katika Unguja ya wakoloni, na wawili hao hatukuwaona wakifunga harusi ya kupigiwa vigelegele. Tumejifunza kuuamini msiba kuwa ndio ukweli. Kijana wa Kimeksiko katika filamu za Marekani naye amezoeleka kufa mapema, kabla ya taa kuwaka. Kumwacha azeeke, awe na mke na mtoto, ni hoja, na ni hoja ambayo msichana wa miaka 16 aliiona kabla yangu. Nimeifuta sentensi yangu juu ya sukari mara tatu katika rasimu ya makala hii, na mara tatu nimeirudisha.

Nimeirudisha kwa sababu ya Paco. Paco ni rafiki wa Alex, mchekeshaji, mwanachama wa genge lilelile. Katika usiku wa risasi Alex anajeruhiwa na kupona; Paco anakufa. Mtoto wa Alex na Brittany, yule tunayemwona baada ya miaka 23, amepewa jina la Paco. Ni heshima, na machozi ya msomaji yanatoka mahali pake. Lakini tuitazame hesabu. Wavulana wawili wa upande uleule wa mji. Mmoja amependwa na binti wa upande wa pili, mwingine hakupendwa na binti huyo. Aliyependwa ameishi. Bei ya tamati njema imelipwa na Mmeksiko wa pili, na aliyebaki amechukua jina lake kama risiti. Sidhani kwamba mwandishi alikusudia hivyo. Hadithi za namna hii huhitaji mtu wa kulipa, na hutafuta aliye karibu na asiye na sura zake mwenyewe. Paco hakupewa hata sura moja ya kusema «mimi».

Hiyo ndiyo hukumu yangu, na siifichi: kitabu hiki kina fani ya malumbano inayovutia kweli, kina nyumba moja iliyojengwa vizuri na nyingine iliyochorwa tu ukutani, na kina furaha ambayo haikulipiwa na wenye kuifurahia. Kisomwe. Msichana anayekisoma asionewe haya, wala asipokonywe. Apewe na cha Sánchez, avisome pamoja, kwani viwili hivi vinajibizana kuliko hata Alex na Brittany.

Kazi ya barazani niliimaliza. Tulipofika usiku wa Paco, dada yangu aliweka chini ukindu aliokuwa akisuka. Mpwa wangu alikuwa akimtazama mama yake, akisubiri alie kama alivyolia yeye. Dada yangu hakulia. Aliuliza: «Na mamake Paco je?» Nikafunua kurasa mbele, nikafunua nyuma. Kitabu hakikukaa na mama huyo. Nikamwambia tuendelee, na akasema tungoje kwanza kidogo.